Maji Yaliyokataa Kupungua

Mama Pacha alikuwa na tabia moja iliyomkera mumewe. Asubuhi, kabla hajanawa uso, kabla hajamwambia mtu hata "umeamkaje", alikwenda kuchuchumaa mbele ya tangi la samaki pale sebuleni na kutazama kipande cha plasta kilichobandikwa kwenye kioo. Ilikuwa plasta ya kidonda, ya kawaida kabisa, iliyokuwa nyeupe zamani. Ukingo wake wa juu ndio uliokuwa mpaka. Maji yakiwa pale, siku imeanza vizuri. Yakiwa yameshuka upana wa kidole, alichukua jagi akaongeza. Baba Pacha alisema kwamba siku yeye akifa, mkewe ataitazama plasta kwanza ndipo alie.

"Nitalia kwanza," Mama Pacha alimjibu. "Plasta baadaye. Lakini nitaitazama, maana samaki hawajui kama kuna msiba."

Alikuwa fundi wa miwani. Siku nzima alikaa chumba cha nyuma cha duka, akisaga vioo mpaka viingie kwenye fremu bila kulazimishwa, akikaza skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Zamani tangi lile lilikaa hukohuko dukani, mbele, ili wanaosubiri zamu yao wapate cha kutazama, hata wasioona vizuri. Kisha mwenye duka akapaka rangi mpya, akaleta televisheni, akasema tangi litupwe. Mama Pacha alilibeba yeye. Aliambiwa hataliweza, na mtu ukitaka Mama Pacha afanye jambo, mwambie hataliweza.

Mwanzoni hakuliweza. Tuseme ukweli, aliwaua samaki wote, tena kwa mapenzi. Sebule yao ilikuwa na joto, feni ilizunguka mchana kutwa, na maji ya tangi yalipungua kila siku. Yeye akafikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye huruma angefikiri: samaki hawa ni wa bahari, basi wapewe maji ya bahari. Kila maji yalipopungua akakoroga chumvi kwenye ndoo, akaongeza. Hakujua kwamba joto huchukua maji peke yake na kuiacha chumvi yote palepale. Alikuwa akiongeza chumvi juu ya chumvi. Kufikia mwisho wa msimu wa joto mfuniko ulikuwa umeota ukoko mweupe, na samaki walikuwa wakiishi ndani ya achari. Walikwisha mmoja baada ya mwingine.

Baba Pacha, ambaye ni fundi wa friji, alikuwa na haja na pembe ile ya sebule. Friji mbovu za watu zilikuwa zimejaa kibarazani, zikimsubiri. Alisema kwa upole kwamba sasa tangi litoke. Mama Pacha akafuta machozi kwa kiganja, akapiga moyo konde.

"Nipe nafasi moja tu," alisema. "Nikiwaua na wengine, nitalitoa mwenyewe kwa mikono yangu, na hapa utaweka friji zako hadi dari."

Mumewe aliishika ahadi hiyo kama hati ya kiwanja.

Wapya walikuwa wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe. Yule mkubwa, jike, alikuwa na amri na kelele za mapezi, akaitwa Shangazi. Mdogo alimfuata nyuma kokote alikokwenda, akaitwa Shemeji. Walilala ndani ya ua la bahari, kiumbe laini chenye vidole vingi ambacho si mmea ingawa ukikitazama utaapa kwamba ni mmea. Ua hilo ndilo lililokuwa nyumba yao. Safari hii Mama Pacha alijua sheria: yanayopotea kwa joto ni maji matupu, basi yanayorudishwa ni maji matupu, yaliyochujwa, bila chembe ya chumvi. Na kila mwisho wa juma alipima chumvi. Alikuwa na kidude cha kuchungulia, mfano wa darubini ya mtoto. Unatia tone moja kwenye kioo chake, unakielekeza dirishani, na ndani unaona buluu ikikutana na nyeupe kwenye namba. Namba yake ilikuwa thelathini na tano. Ilikaa hapo mwaka mzima, na Baba Pacha akaanza kuzoea kuruka friji kibarazani.

Ndipo akaja Babu.

Babu ni baba yake Baba Pacha, mwashi aliyejenga nyumba za watu mpaka saruji ikamla nyayo. Alifika na mfuko mmoja, na pimamaji yake ikichungulia juu ya nguo, ingawa hakuwa na cha kujenga. Pacha walikuwa shule ya bweni, akapewa chumba chao. Basi mzee aliishi humo kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke. Alitandika kitanda kikanyooka kama kaburi. Aliosha kikombe chake kabla chai haijafika tumboni. Ukimkaribisha chakula cha pili anasema ameshiba, na macho yako kwenye sufuria. Juma la kwanza alibandika birika kwenye jiko la gesi akasahau, mpini ukayeyuka, na Baba Pacha akamwambia, "Baba, jiko usiliguse tena," kwa sauti ile ile anayowaambia pacha. Mzee akasema, "Sawa, baba." Hakuligusa tena. Mama Pacha aliyasikia maneno yale kutoka chumbani na yalimkata maini, lakini mkwe ni mkwe, akanyamaza.

Nyayo zake zilikuwa na mipasuko ya kuingia sarafu. Baba Pacha alimpeleka zahanati, na muuguzi akawapa dawa ya kupaka pamoja na maelezo. Dawa ilifika nyumbani. Maelezo yaliishia sikioni mwa Baba Pacha.

Msimu wa joto ulirudi na ukali wake, na juma moja Mama Pacha aliona ua la bahari limenywea. Vidole vilivyozoea kupepea vilikuwa vimejikunja kama soksi. Shangazi alikuwa akipumua haraka haraka pembeni, Shemeji nyuma yake. Akapima. Thelathini na mbili. Akafuta kidude, akapima tena. Thelathini na mbili.

Mtu mwingine angemwaga chumvi palepale. Mama Pacha alikwisha kuua samaki kwa haraka zake, hakutaka tena. Kwanza alikishuku kidude. Akatia tone la maji matupu, kikasoma sifuri, safi kabisa. Kidude hakikuwa na kosa. Akamwita mumewe.

"Linavuja," Baba Pacha alitoa hukumu, bila hata kuinama. "Linavuja maji ya chumvi, wewe unajaza matupu. Hesabu ndogo hiyo."

"Linavujia wapi?"

Wakatandika magazeti chini ya tangi na kuzunguka miguu ya meza yake. Kesho yake magazeti yalikuwa makavu hata unaweza kuyasoma. Baba Pacha akayasoma. Namba nayo ilikuwa imeshuka tena, thelathini na moja sasa, na ua la bahari limekuwa la ukubwa wa ngumi.

"Mama Pacha," mumewe alisema, akikunja gazeti polepole, "mimi sisemi kitu. Lakini nakumbuka mtu fulani alisema maneno fulani kuhusu pembe hii."

"Wamekufa?"

"Hawajafa."

"Basi funga mdomo kwa gundi."

Usiku ule alilala vibaya. Asubuhi akachuchumaa, na ndipo kitu kikamgonga kichwani. Maji yalikuwa kwenye plasta. Jana pia yalikuwa kwenye plasta. Juzi pia. Hakukumbuka mara ya mwisho alipogusa jagi. Alikuwa amefurahi kimya kimya kwamba tangi limetulia, halinywi maji ovyo, na katika ile furaha hakujiuliza swali dogo kuliko yote: joto lote hili, feni inazunguka, maji yanaachaje kupungua?

Hakumwambia mtu. Alichukua bilauri, akaijaza maji, akabandika plasta nyingine kwenye ukingo wa maji, akaiweka juu ya kabati kando ya tangi, joto lile lile, upepo ule ule. Mumewe aliuliza kama sasa wanafuga bilauri. Baada ya siku chache maji ya bilauri yalikuwa yameteremka chini ya plasta yake, wazi kabisa. Ya tangi yalikuwa palepale, yamelala kwenye ukingo wa plasta kama yamepigwa mstari kwa rula.

Kuna mtu anayejaza. Na kama angekuwa anajaza tu yaliyopotea kwa joto, bila ya chumvi kutoka, namba isingeshuka hivi. Kwa hiyo kuna mtu anayechota kwanza, kisha anajaza. Mama Pacha alisimama na bilauri mkononi. Alimuuliza mumewe. Mumewe akaapa kwamba hajawahi kutia hata kidole. Babu hakuulizwa. Mkwe utamuulizaje kama anakuibia maji ya samaki?

Alitumia njia nyingine. Asubuhi iliyofuata alikwenda kazini kama kawaida, akasaga kioo kimoja, akamwambia mwenye duka kwamba ana dharura nyumbani. Akarudi kabla jua halijawa kali, akazungukia mlango wa uani.

Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda, suruali imekunjwa hadi magotini, macho yamefumbwa, miguu yote miwili ndani ya beseni la kufulia. Uso wake ulikuwa na raha ambayo Mama Pacha hakuwahi kuiona ndani ya nyumba ile. Na juu ya ukingo wa beseni, karibu na kidole gumba cha mguu, konokono mdogo mweusi alikuwa anapanda, mmoja wa wale waliokula ukungu wa vioo vya tangi lake.

"Baba," alisema Mama Pacha.

Mzee alifumbua macho. Hakuruka wala hakuchomoa miguu. Alimtazama mkwewe, akamtazama konokono, akaelewa kwamba ushahidi umetembea wenyewe.

"Mama," alisema. "Umerudi mapema."

"Hayo maji, baba."

"Nachota jagi mbili, narudisha jagi mbili. Sijakupunguzia hata tone. Najaza mpaka kwenye alama yako, ingawa alama yenyewe umeibandika imepinda."

"Unarudisha ya bomba."

"Maji si maji?"

Mama Pacha aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha kwa utaratibu, kama anayemwelekeza mteja jinsi ya kuvaa miwani mipya, alimweleza chumvi inakokwenda na inakobaki. Mzee alisikiliza bila kupepesa macho. Alipoelewa, miguu ilitoka kwenye beseni mmoja baada ya mwingine.

"Muuguzi alisema niloweke kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kila siku," alisema. "Mwanangu alikuwepo. Jiko nimekatazwa. Nikaona maji yako ya pale ndani tayari yana chumvi, tayari yana moto wake. Nikasema, Mungu ni mwema."

"Baba, humo ndimo wanamojisaidia!"

Babu aliinua unyayo mmoja, akaukagua kwa makini. "Mbona inapona?"

Ilikuwa kweli, mipasuko ilikuwa imeanza kufunga. Mama Pacha alitaka kucheka na akataka kulia, na hasira aliyokuja nayo kutoka kazini haikujua ikae wapi.

"Kwa nini hukuniambia? Kupasha maji ni kazi gani?"

Mzee alianza kukunjua suruali. "Unatoka asubuhi, unarudi jioni umechoka. Kisha mimi niseme, mama, nipashie maji nioshe miguu? Nyumba si yangu. Nimekula, nimelala, yatosha." Akainuka. "Nimeharibu. Nitarudi kwangu."

Wala hakuwa anatafuta kubembelezwa. Mume wa Mama Pacha aliporudi mchana kuchukua vifaa, alimkuta baba yake chumbani anafunga mfuko, pimamaji juu, na mkewe amesimama mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine kule.

"Hapa hatoki mtu wala samaki," Mama Pacha alikuwa akisema.

Aliposimuliwa mkasa mzima, Baba Pacha alishika tama. "Hayo ya maji ya chumvi... ni kweli yule dada alisema kitu. Nilidhani ni ya kunywa nikaona haiwezekani." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa vitendo na aibu ilimwasha, akatoka mbio, akarudi na pakiti ya chumvi ya jikoni, meno yamekwisha kuing'oa kona. "Basi si tunatia tu? Chumvi imepungua, tunatia chumvi."

"Tia hiyo," alisema mkewe, "ukalale na friji zako huko barazani."

Alimnyang'anya pakiti. Chumvi ya jikoni haikufaa, alikuwa na mfuko wa ile inayotengenezwa kwa ajili ya matangi. Na hata hiyo haikutiwa kwa pupa. Viumbe waliozoeshwa upungufu polepole hurudishwa polepole, la sivyo dawa inamaliza kile ugonjwa ulichobakiza. Alikoroga ndoo yake, akaiacha itulie na pampu ndogo ikiizungusha, akaipima. Kisha akafanya jambo lililomtisha. Kila maji ya tangi yalipopungua kwa joto, alirudisha ya chumvi. Lilikuwa kosa lile lile lililowaua wale wa kwanza, sasa analifanya kwa makusudi, kikombe kwa kikombe, akipima kila asubuhi, tayari kuacha mara tu namba yake itakapofika. Baba Pacha alizunguka zunguka nyuma yake akiuliza kama haiwezi kwenda kasi kidogo. Haiwezi, alisema. Siku moja Shemeji alilala ubavu chini ya jiwe, na Baba Pacha akaja kusimama pembeni bila neno lolote la pembe wala friji. Alikuwa na huzuni ya kweli, na mkewe alimpenda kwa hilo. Hakuongeza hata tone la haraka.

Na asubuhi hizohizo, kabla ya kikombe cha tangi, alibandika sufuria jikoni. Alitia chumvi, akajaribu joto kwa kiwiko, akapeleka beseni chumbani kwa Babu. Alikuwa amemshinda mzee kwa njia moja tu, kuuficha mfuko wake wa safari. Babu alitia miguu, akasema asante, asante sana, mama, hukupaswa kuhangaika. Akatoa miguu upesi, kabla maji hayajapoa, ili beseni lirudi. Mama Pacha aliona kwamba samaki na mzee wana ugonjwa mmoja, na kwamba yule wa beseni ndiye mgumu zaidi. Kwa mzee hakuna kidude cha kuchungulia. Akajikaza kisabuni. Beseni likaenda kesho, na kesho kutwa, na siku iliyofuata, aombwe asiombwe.

Thelathini na mbili ilirudi. Ikaja thelathini na tatu, na Shemeji akaonekana tena nyuma ya Shangazi. Siku namba ilipogusa thelathini na tano, Mama Pacha aliifuta darubini yake, akaichungulia mara tatu, kisha akaweka ndoo ya chumvi kando na kuchukua jagi la maji matupu. Ua la bahari lilichelewa kuamini. Lilifungua kidole kimoja, viwili, likanywea tena. Asubuhi moja alichuchumaa akalikuta limefunguka lote, limejaa, na Shangazi amelala katikati akimfukuza mwenzake kwa mapezi. Mama Pacha aliketi sakafuni kabisa, kanga imelowa maji ya jagi, akasahau saa, akasahau duka.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha pacha, kavu, ya mtu aliyezoea kuamrisha vibarua juu ya jukwaa la ujenzi.

"Mama Pacha! Maji yangu leo yako wapi?"

Hakuamini masikio yake. Baba Pacha alitoa kichwa chumbani, povu la dawa ya meno mdomoni, na wote wawili wakatazamana.

"Yanakuja, baba!"

Akapasha haraka haraka, akapeleka. Babu alitia mguu mmoja, akakunja uso, akautoa.

"Haya yamepoa. Rudisha motoni. Na chumvi usinionee choyo, au ya samaki ndiyo chumvi?"

Mama Pacha alibeba beseni kurudi jikoni. Alimimina maji kwenye sufuria, akawasha jiko, akasimama mbele ya moto akilia na kucheka kwa pamoja, kiganja mdomoni asisikike. Kazini alikuwa amekwisha kuchelewa. Alingoja maji yapate moto.